Bibie Anaposahau

Vikombe vya tuzo alizoshinda kwenye jukwaa na sinema, Bibie, mwigizaji mkongwe, huvijaza mbegu za maboga za kukaanga, na kila anayepita chumbani kwake huchota. Wadie, anayewanong'oneza waigizaji maneno wakisahau, amekaa miaka thelathini ndani ya kishimo chake mbele ya jukwaa la Kairo, kwa hiyo visigino vya Bibie anavijua kuliko uso wake. Anaijua pia mikono yake, jinsi inavyozungusha shanga za shingoni kabla hajasahau. Na kila onyesho husahau mara moja, palepale anaposoma barua ya mumewe wa mchezoni. Watu wanasema ni uzee.

Kwenye onyesho la Alhamisi alasiri meneja alikaa mstari wa mbele, aamue kama kishimo kizibwe na Wadie aachishwe kazi. Bibie akaishika barua, akazungusha shanga, akanyamaza. Wadie, aliyeshiba maharage ya mchana, alikuwa amelala fofofo. Kisigino kikagonga mara mbili juu ya kichwa chake. Akagutuka, kurasa zimetawanyika miguuni. Bibie akainama kama anayelia, akamnong'oneza yeye: "Ustadhi, sema, 'Nilikusamehe tangu jana.' Kwa nguvu, mwanaume wee, yule meneja asikie!"

Wadie akasema. Bibie akajiinua taratibu, akayatamka maneno hayo kwa ile sauti yake ya mikwaruzo kana kwamba ndiyo kwanza yanamjia, na ukumbi mzima ukasimama kwa makofi.

"Umeona?" akamwambia meneja baadaye, akimsogezea kikombe cha mbegu. "Bila huyu leo ningeumbuka."

Kesho yake akasahau mara mbili.