Mdomo Mrefu wa Mashine

Nikinusa makapi ya ngano, mgongo unaniuma kabla sijashika kazi. Na kazi yenyewe siku hizi naikwepa kwa ustadi.

Kule kijijini kwetu Mushaki tulipepeta ngano kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Baba, tuliyemwita Papa, aliitengenezea midomo miwili ya bati ya kutolea makapi. Ule mfupi na mpana ulikuwa wa siku za ukungu, makapi yenye unyevu yasizibe. Ule mrefu, uliopinda chini, ulikuwa wa siku za jua, makapi makavu yasiruke hadi uani. Kuibadilisha ilikuwa kazi yangu.

Siku hiyo jua liliwaka, na mdomo mrefu ulikuwa ghalani. Nikaona ghala ni mbali. Nikazungusha hivyo hivyo.

Makapi yakapaa, yakatua uani juu ya mtama uliolowekwa uote, wa pombe ya kumpa mdogo wangu jina. Bila pombe wageni hawaji, na bila wageni mtoto hapati jina.

“Mudomo murefu iko wapi?” Papa akauliza.

“Mu gala, Papa.”

“Na miguu yako, nayo iko mu gala?”

Mama akatoka na kichanga mgongoni, akapiga magoti kando yangu. Tukachambua punje kwa punje hadi vidole vikafa ganzi.

“Mama, jina atapata?”

“Atapata. Akikuwa muvivu, tutajua alitoa wapi.”

Wageni walikuja, wakanywa huku wakitema makapi, wakampa mdogo wangu jina zuri. Mimi nami walinipa langu, Muvivu, na hadi leo naliitikia.