Kabla Mwinjilisti Hajasema Amina

Kama unatafuta hadithi ya kukuletea usingizi, nenda kwa mwingine. Hili lilinipata mimi mwenyewe, nililiona kwa macho haya mawili, na kosa lilikuwa la macho haya haya. Watu wa kwetu Rhotia wakinicheka waache wacheke, wao hawakuwepo kule juu kwenye ukungu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari kwa foleni, dizeli kwa kibali. Kanisa letu lilipanga safari ya Injili kwenda Kakesio, kwa wafugaji, juma zima kabla ya Pasaka. Tulikuwa watatu. Mwinjilisti wetu, mzee wa Endabash aliyenifundisha shule ya Jumapili tangu sijaota meno ya pili. Mimi, mwanakwaya. Na mdogo wangu Rebeka, miaka kumi na tisa, mwimba sauti ya kwanza ambaye sijasikia mfano wake mpaka leo. Mama hakutaka aende. Nikaweka mkono juu ya Biblia nikamwambia nitamrudisha kama nilivyomchukua. Shika hilo.

Lori la misheni lilitupandisha mpaka kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, na pale mipango yote ikavurugika. Tulikutana na wafugaji wanatoka bondeni, wakasema mvua imejaza makorongo, hakuna gari litakalopita juma lile. Dereva akageuza, dizeli yake ilikuwa ya kurudia Karatu tu. Akatusihi turudi naye. Mwinjilisti akakataa katakata, akasema watu wanangojea Neno, na yeye anajua njia ya mkato, tutalala kwenye boma la muumini mmoja kabla jua halijazama. Nani angebishana na Mwinjilisti? Tukashusha unga na vitabu vya nyimbo, lori likaenda zake.

Saa tisa haijafika, ukungu ukashuka. Jamani, ule si ukungu wa kuimbiwa! Unanyoosha mkono, vidole huvioni. Njia ikapotea. Mara tatu tulirudi kwenye mti ule ule wenye kuvu refu kama ndevu. Upande mmoja mteremko wa kreta, upande mwingine tunasikia nyati wanapumua. Rebeka alikuwa ameloa mpaka mifupani, meno yanagongana, akaniuliza kwa sauti ndogo kama tutakufa. Nikamwambia asiseme upuuzi. Moyoni nilikuwa nimeshakata tamaa, nisikufiche.

Ndipo akatokea yule bibi. Amevaa sketi ya ngozi ya shanga, kama walivyovaa bibi zetu zamani, na akatuamkia kwa Kiiraqw safi cha nyumbani. Kule, kwenye nchi ya Wamasai! Mwinjilisti alifurahi mpaka akamshika mkono. Bibi akasema njia anaijua, ni hapo tu, atatupeleka. Lakini kwanza tumwombee, maana kwa muda mrefu hajaombewa na mtu.

Sasa niambie, watu mmetoka kwa ajili ya Injili, mtu anaomba maombi, mtamkatalia? Hata adui humkatalii. Tukashikana mikono kwa duara: Mwinjilisti, mimi, Rebeka, na yule bibi. Na hapo, nikiinamisha kichwa, nikaona miguu yake. Sisi tulikuwa matope mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi, kama ya mtu aliyetoka shambani kiangazi. Sketi nayo kavu. Nilitaka kusema, lakini Mwinjilisti alikuwa ameshasema, "Tufumbe macho." Nikafumba.

Lazima ujue tulivyolelewa. Mwinjilisti alitufundisha kwa fimbo kwamba kufumbua macho kabla ya Amina ni kumkodolea Mungu. Ukifumbua, mwenzako anakushitaki, unachapwa. (Kwamba aliyekushitaki naye alifumbua, hilo hakuna aliyeuliza.) Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu mzima, na fimbo ile bado ilikuwa mgongoni mwangu.

Maombi ya Mwinjilisti yalikuwa marefu siku zote. Katikati, mkono wa Rebeka ukachomoka mkononi mwangu, polepole, kama samaki. Nikafumbua jicho. Haki ya Mungu, nikaona. Bibi anamwongoza mdogo wangu kwenye ukungu, na Rebeka anamfuata macho yamefumbwa, mtiifu kama mtoto. Walikuwa hatua nne tu kutoka kwangu. Bibi akageuka akanitazama usoni. Hakutisha, alinitazama tu, anangoja aone nitafanya nini.

Nikafumba macho tena.

Unanisikia? Nilifumba. Nikajiambia nimeona vibaya, nikajiambia nitaadhibiwa, nikangoja Amina. Ilipokuja, tulikuwa wawili.

Tulimwita mpaka sauti zikakauka. Nilitambaa kwa magoti kwenye mteremko nikishika majani, namwita Rebeka, namwita Mungu, namwita mama. Mwinjilisti alilia waziwazi, mzee wa watu. Tulilala chini ya ule mti, na kesho yake vijana wa Kimasai walitukuta, wakaingia msituni kutusaidia. Siku ya tatu ndipo wakampata.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mkono wa kushoto ameunyoosha kama ameshikwa, macho amefumba. Nguo zake zilikuwa kavu. Nikamkumbatia, nikamtikisa, nikamwambia afumbue macho.

Akasema, "Dada, mbona maombi marefu hivi? Umeniambia nisifumbue mpaka Amina."

"Mimi?"

"Si wewe uliyenishika mkono ukaniambia twende?"

Mwinjilisti akasema Amina. Rebeka akafumbua macho, akayageuza huku na huku, akauliza kama ni usiku. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi.

Hospitalini walimpima, wakasema macho ni mazima, hayana ugonjwa wowote. Mazima! Zaidi ya miaka arobaini sasa hayaoni hata mwanga wa mlango. Nilimrudisha kwa mama kama nilivyoapa, mama akamshika uso, kisha akanitazama mimi, na hakunitajia tena ile Biblia mpaka anazikwa. Mwinjilisti aliacha kazi mwaka ule. Mimi sikuolewa, niko na Rebeka, namchotea maji, namchana nywele. Kuimba bado anaimba.

Kanisani mimi husali macho wazi. Wanasema nimezeeka vibaya, nachungulia watu. Nachungulia, ndiyo. Nahesabu watu wa benchi langu mpaka Amina. Wewe nawe, ukiombwa maombi na mtu usiyemjua, mwombee, Mungu hakatazi, lakini mtazame miguu. Na ukishaona, usijifanye hujaona.

Kila Pasaka Rebeka ananiuliza swali lile lile, kwa upole, mkono wake wa kushoto kwenye magoti yangu. Mwaka huu pia aliniuliza, "Dada, siku ile, wewe hukufumbua macho hata kidogo?"

Nikamwambia sikufumbua.