Pazia la Dirisha la Awinja

Sylvanus, mume wa dada yangu Pascalia, aliingia uani akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Nilijua kabla hajasema.

"Pascalia ametuacha. Saa nne, hospitalini. Malaria ilimpanda kichwani."

Nilikaa chini kwenye matope ya Julai, nikashindwa hata kuanza Salamu Maria.

Dada yangu alikuwa fundi wa nguo pale Khayega kwa miaka kumi na mmoja, lakini watu walimjua kwa mapazia yake ya blanketi. Katikati aliweka blanketi kuukuu, mbele kitambaa cha maua, nyuma gunia la sukari lililofuliwa, akavishona vyote pamoja kwa mistari iliyokaribiana. Kila pazia lilizidi dirisha vidole vinne kila upande. "Baridi haipigi hodi," alikuwa akisema. "Hupenya pembeni kama jirani mmbea."

Alasiri ile mume wa Awinja, mteja wa dada yangu, alifika kutoka Shirere. Mtoto wao alizaliwa kabla ya miezi yake, kilo mbili kasoro. Waliruhusiwa kwenda nyumbani, wakaagizwa asipigwe na baridi kabisa. Dirisha la chumba chao halikuwa na kioo, na Pascalia alikuwa amewaahidi pazia siku hiyo.

"Poleni sana," alisema akitazama viatu vyake. "Naona aibu kuuliza."

Pazia lilikuwa bado kwenye cherehani, sindano imezama ndani yake. Nilipolisogelea, Shangazi Priscah alisimama mlangoni.

"Wewe! Unarithi dada yako akiwa bado mochari?"

Kwetu vitu vya marehemu havishikwi mpaka azikwe na siku ya wafiwa kunyoa nywele ifike, vigawanywe mbele ya watu.

"Sichukui cherehani, Shangazi. Namalizia kazi yake."

"Na mkosi ukikuangusha wewe? Tuzike wawili?"

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nimelelewa na maneno hayo pia. Nje upepo wa mvua ulianza kuyapiga mabati, nikamwaza yule mtoto. Nilifanya ishara ya msalaba, nikazungusha gurudumu. Sindano ikapanda. Nilishona mistari miwili, uzi ukakatika, na kila nilipojaribu kuutunga tena ulinikataa. Shangazi alikuwa bado amesimama nyuma yangu. Nilingoja matusi.

"Sogea, unaziba mwanga," alisema. Akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akautunga yeye mwenyewe. "Na usisahau vidole vinne."

Mume wa Awinja alilibeba pazia ndani ya karatasi ya nailoni, akakimbia nalo kabla mvua haijashuka.

Tulimzika Pascalia Jumamosi. Awinja hakuja, alituma neno kwamba chumba kina joto na mtoto ananyonya vizuri. Padre alibariki kaburi. Sylvanus alitupa udongo wa kwanza, mimi nikafuata, kisha Shangazi. Tuliimba wimbo wa Mama Maria hadi wanaume walipomaliza kufukia. Tukasimika msalaba, tukarudi nyumbani.