Mkunya kwa Miguu

Fundi viatu wa sokoni Masasi alinipima mguu wa kushoto mara tatu, akaandika vipimo kwa chaki kwenye meza yake, kisha akaniuliza kiatu ni cha kazi gani.

"Cha kwendea Mkunya," nikamwambia.

"Basi za Newala si zipo kila siku? Huko hata kandambili zinakufikisha."

"Nakwenda kwa miguu. Mimi na mume wangu."

Akaweka sindano chini. Aliuangalia tena ule mguu, ambao ulipooza nikiwa na miaka minne na tangu hapo ni mwembamba na mfupi kuliko mwenzake kwa vidole vinne. Akavuta kipande cha tairi na kuanza kukata soli ya kwanza kati ya tatu alizozipandanisha.

Safari ile ilianza na zawadi. Binti zetu ni pacha, ndiyo maana mtaani wananiita Mama Pacha. Mmoja ni muuguzi Mtwara. Mwaka nilipofikisha miaka hamsini na nane alinitumia kiti cha magurudumu, kipya, bado kimefungwa nailoni. Alikusudia mema. Wapo wanaokihitaji kiti kama kile na hawakipati, na sioni aibu yoyote kukikalia. Lakini mimi nilikuwa natembea. Nilikanyaga cherehani kutwa nzima kwa mguu mmoja, nikashona sare za nusu ya watoto wa mtaa wetu, jioni nikaenda gengeni mwenyewe na mkongojo wangu. Nilipokitazama kile kiti sebuleni nilihisi nimeshaagwa.

"Kabla sijakaa hapo," nikamwambia mume wangu, "nitaupanda mlima wa Newala kwa miguu yangu mpaka kwenu Mkunya."

Alikuwa anakunywa uji. "Tutapanda," akasema, akaendelea na uji wake. Hakuniuliza kwa nini Mkunya. Mimi pia sikumwambia.

Miaka thelathini na moja kabla ya hapo alinipeleka kule kunitambulisha kwa mama yake mkubwa, aliyemlea tangu alipofiwa na mama mzazi. Enzi hizo maji yalikuwa shida kubwa huko juu. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani. Mama mkubwa alinitazama nikichechemea kutoka barabarani hadi uani pake, akamgeukia mume wangu na kumwambia kwa Kimakonde, "Umetuletea mtu wa kutekewa maji."

Mume wangu akanitafsiria: "Mama anasema pole na safari."

Nikajibu ahsante. Mimi ni Mmakua wa Masasi, lakini majirani zetu wa karibu walikuwa Wamakonde, na nilicheza na watoto wao tangu utotoni. Nililisikia kila neno.

Tulioana, tukakaa Masasi alikokuwa bwana shamba. Mkunya tulikwenda kwa basi, mara moja au mbili kwa mwaka. Kila nilipogusa ndoo, mtu aliiondoa mkononi mwangu. Kila niliposhika jembe, nililetewa kigoda. "Pumzika, Mama Pacha." Walinipenda, sikatai. Lakini mtu hawezi kuwa mgeni miaka yote hiyo bila kuchoka.

Mwaka ule wa kiti, mvua zilipokatika, tukaanza mazoezi. Kila asubuhi tulishika barabara ya Nanganga. Siku ya kwanza nilifika nguzo ya umeme ya kumi nikakaa chini. Baada ya wiki tatu nilikuwa sizihesabu tena. Bodaboda walipunguza mwendo kila walipotupita: "Mama, panda, nitakupeleka bure." Nikawaambia waende salama. Mtaani ikasemwa kwamba mzee amepoteza kiinua mgongo chake chote na sasa hatuna hata nauli. Jirani mmoja akaja na kikapu cha mihogo, akakiweka mlangoni kwa upole mkubwa, kama anayekuja msibani. Nilimpikia hiyo mihogo yake tukala pamoja, nikamwonyesha kiatu.

Mume wangu ndiye aliyepata taabu. Kazi yake ilimpitisha kwenye mikorosho ya watu miaka mingi, lakini alizoea pikipiki. Alitoka malengelenge kwenye visigino vyote viwili, na goti la kulia likaanza kumsumbua. Nikamwambia apumzike. Akanijibu kwamba neno hilo nimelichukia mwenyewe, nisimpe yeye. Jioni alikata mikanda ya pampu yake ya zamani ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nami nikaishonea kwenye mfuko wa turubai ili abebe mzigo mgongoni: dumu la maji, unga wa uji, korosho za kukaanga, shuka mbili.

Wiki moja kabla ya kuondoka simu ikaita. Alikuwa mama mkubwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasikia mnakuja kwa miguu."

"Ndiyo, Mama."

"Na mguu huo? Mnataka watu waseme nini? Watasema mimi ndiye niliyekutesa."

Sikuwa nimepanga kumjibu vile. Nilimjibu kwa Kimakonde, kwa sentensi yake mwenyewe, neno kwa neno, jinsi alivyoitamka uani pake siku ile.

"Mpe simu mwanangu," akasema.

Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia. Alipokea simu, akaitikia ndiyo mara kadhaa, akaikata. Kisha akasema tupande basi. Mama ni mtu mzima sana, tusimpandishe presha kwa ajili ya maneno ya zamani.

"Wewe panda," nikamwambia. "Tutakutana huko."

Akatoka. Alirudi mchana, akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Siku ile nilikutafsiria uongo," akasema.

"Najua."

"Umejua miaka yote hii?"

"Nilikuwepo."

Aliinamisha kichwa. "Nilipaswa kumjibu pale pale. Niliogopa. Alikuwa amenilea."

Nilikuwa na hasira, na nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia machache tu: kwamba siendi Mkunya kumgombeza mtu, nakwenda kupanda mlima niliokataziwa, na kama atakuja, aje kwa sababu anataka kutembea nami, si kunisindikiza. Nilipoamka kesho yake nilimkuta amekwisha kuvaa viatu, ananisubiri barabarani.

Binti yetu alikuja kutoka Mtwara siku moja kabla ya safari. Alikuja kutuzuia, na hakuficha. Alitoa mashine yake akatupima presha. Yangu ilikuwa nzuri. Ya baba yake ilikuwa juu kidogo. Alirudia kuipima mara mbili, akitumaini namba zitabadilishana. Mwishowe alifunga vidole vyangu kwa plasta kimoja kimoja, akapanga dawa kwenye mfuko, akasema, "Mama, wewe ni mbishi."

"Ndiyo," nikasema. "Na wewe nimekuzaa."

Tuliondoka jua lilipoanza kuchomoza. Tulikuwa tumepanga siku tano, tukatumia sita. Tulilala kwa watu tusiowajua, na hakuna aliyetunyima mkeka. Greda za wajenzi wa barabara zilitumwagia vumbi hadi kope zetu zikawa nyekundu. Mlima tuliupanda siku ya tano, kuanzia asubuhi. Nilikwenda hatua kumi, nikasimama. Hatua kumi, nikasimama. Soli ya fundi haikutoka. Katikati ya mlima mume wangu aliniita kutoka nyuma, akaniomba nimsubiri, goti limegoma. Nikakaa juu ya jiwe nikamsubiri. Lori lilipita, dereva akatuonea huruma, akasimama. Tuliangaliana, tukamwambia atangulie.

Tulifika Mkunya siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Mama mkubwa alikuwa barazani, anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilimsalimia, akaitikia marahaba. Aliangalia kiatu changu, kisha mkongojo, kisha uso. Ndipo akasema nami kwa Kimakonde, mimi na si mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Mmechelewa. Niliwapikia jana."

Hakuniomba radhi. Sikwenda kuitafuta. Alinisogezea ungo, nami nikakaa nikachambua mbaazi mpaka zikaisha, na hakuna aliyeniambia nipumzike.

Tulikaa siku nne. Tulirudi kwa basi, kwa sababu goti la mume wangu lilikuwa limevimba kama boga. Binti yetu alipopiga simu kuuliza nani mgonjwa, nilimpa baba yake aongee.