Punje Iliyobaki

Deodatha alimwaga buni zote mkekani. Kaka yake Placidius, aliyetoka Nyakakika alfajiri, aliketi kizingitini akingoja jibu.

Mwaka 1944 mumewe Rwegasira alikwenda Uganda kuvuna pamba. Tangu hapo, kila asubuhi, Deodatha alitia kibuyuni punje moja ya buni iliyochemshwa na kukaushwa, ile anayopewa mgeni atafune. Barua ya mwisho ilikuja mwaka wa pili. Sasa huko kwao Nyakakika kuna mgane anayemtaka, na Placidius ameapa haji mara ya nne.

"Dada yangu, umeolewa na kibuyu?"

"Ngoja nihesabu, kaka. Zikigawanyika sawa, nabaki. Zikikataa, twende."

Punje elfu mbili mia tano ishirini na moja. Shule ya misheni alisoma miaka minne tu, lakini kugawanya alikupenda kuliko kuimba. Akazipanga mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, moja. Nne nne, moja. Tano, sita, vilevile.

"Jaribu saba," Placidius alisema, naye sasa ameinamia mkeka.

Saba saba, moja. Nane, tisa, hata kumi. Mgongo ulimuuma, jua lilishapenya katikati ya migomba, na kila mara punje moja ilikaa pembeni kama mgeni asiyeambiwa karibu.

"Basi," alisema taratibu. Akaanza kukunja kanga zake.

Ukutani alikuwa ameegemea mavyaa wake, Kokushubira, mama yake Rwegasira, ambaye macho yalishamwishia.

"Mwanangu, imebaki ngapi?"

"Moja, mama."

"Hiyo yangu. Niliitia siku ile alipoondoka, wewe uko kisimani. Nilisema, mtoto wa watu asingoje peke yake."

Deodatha aliiokota, akaigeuza kiganjani. Kumbe bila hii, mbili mpaka kumi, zote zingetoka sawa bila kubakiza kitu. Ajabu, hakufurahi. Hakuwa akimfikiria Rwegasira tena. Alikuwa akiwaza: nikiitoa hii, nitaiweka wapi?

Akaidondosha kibuyuni, kisha akazirudishia zile nyingine juu yake.

"Nenda salama, kaka. Mwambie yule mgane asinisubiri."

"Kwa sababu ya punje?"

"Kwa sababu ya mwenye punje."

"Na bibi huyu akifa, utabaki na nani?"

Deodatha alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba, akasimama hapo mpaka mgongo wa kaka yake ukamezwa na migomba.

Kesho yake alitia punje nyingine, akazimwaga tena. Akagawanya kwa mbili: haikubaki hata moja. Halafu akagawanya kwa tatu, kama walivyokuwa nyumbani humo zamani.

Zikabaki mbili.

"Mama," aliita, "uji umeiva. Nikuletee huko huko?"