Zamda na Mzani wa Mahindi

Zamda Mhina alimaliza chuo cha uuguzi mwaka 1975, wa tatu darasani, na kazi ya kwanza aliyopewa akaikataa. Masuguru, nyumbani kwao, jambo hilo lilizungumzwa wiki nzima.

Alikuwa amepangiwa wodi ya watoto, katika hospitali aliyofanyia mazoezi. Wodi hakuiogopa. Humo alimuuguza mtoto mmoja wa Segera mara tatu kwa mwaka mmoja, ugonjwa uleule wa kukosa chakula bora. Mara mbili mtoto alirudi kwao amenenepa. Mara ya tatu alikufa. Zamda akajiuliza kwa nini asomeshwe miaka mitatu, kisha akae kumsubiri mtoto afike akiwa amekwisha.

"Nataka kazi ya kuwafuata huko waliko," alimwambia metroni.

"Mwanangu, muuguzi bila kitanda ni mgeni tu," metroni alimjibu. "Kaa wodini miaka miwili ukomae, ndipo tuzungumze."

Akaenda kwenye shamba moja la mkonge. Walimtaka, ila kazi ilikuwa kukaa getini alfajiri na kuamua ni mkata mkonge yupi anaumwa na yupi anajisingizia. Akawaaga. Akaenda ofisi ya afya Handeni, mara nne. Mara ya nne Bwana Afya, Mikaeli Mdoe, alichoka kumwona.

"Nafasi unayoitaka haipo," alisema. "Nitakujaribu miezi mitatu katika kijiji kimoja. Nikija nikute watoto hamsini wamepimwa uzito na kuandikwa. Nisipowakuta unarudi wodini, na hunisumbui tena."

Kijiji chenyewe ni chetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kabuku. Mimi ni katibu wake. Watu walikuwa wamehamia mwaka uliotangulia, wengi bila kupenda, na sisi viongozi vijana tulijua kuhutubia kuliko kusikiliza. Tukapiga mbiu. Mzani wa watoto haukuwapo, kwa hiyo Zamda aliazima mzani wa kuning'iniza uliokuwa ghalani, akaufunga kwenye boriti, akashona mfuko wa turubai wa kumtia mtoto.

Hakuja hata mmoja. Wiki ya sita kitabu kilikuwa na majina manne, yote ya watoto wa viongozi. Nikasema mgambo wapite nyumba kwa nyumba.

"Ndugu katibu, mmewahamisha kwa nguvu," Zamda alisema. "Na mimi niwapime kwa nguvu?"

Badala yake alikwenda kwa Bibi Mwantumu, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji, akamsaidia kupukuchua mahindi, kisha akamuuliza.

"Mjukuu wangu, mzani ule tunaujua," bibi alisema. "Kwa huo ndio wachuuzi walikuwa wanatuibia mahindi, kabla haujaletwa ghalani. Gunia limejaa, wao wanasema pungufu. Kinachotundikwa pale kinauzwa. Mama gani atundike mwanawe?"

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Tundikwa wewe kwanza."

Jumamosi asubuhi wanawake walijaa ghalani kuona. Zamda akaketi ndani ya gunia, tukamtundika, miguu ikaning'inia. Nikasoma kwa sauti: kilo arobaini na nne.

"Huyu ndiye wa kutufundisha kula?" alisema Tatu, mama wa mapacha. "Mleteeni ugali kabla hajaanguka."

"Na mlenda," mwingine akadakia.

Zamda hakucheka. "Mwezi uliopita hospitali walinipima arobaini na saba."

"Basi mzani umekuibia na wewe," alisema Bibi Mwantumu.

Tukaleta mfuko wa mbolea ambao haujafunguliwa, umeandikwa kilo hamsini. Mshale ukasimama kwenye arobaini na saba. Miaka yote wanawake wale waliambiwa ni wajinga wasiojua hesabu, kumbe hesabu yao ndiyo iliyokuwa sahihi. Zamda akageuza skrubu ya nyuma, kidogo kidogo, mpaka mshale ukafika hamsini. Akayafuta majina manne ya mwanzo, ili wale nao wapimwe upya. Tatu akawa wa kwanza kuleta wanawe.

Bwana Mdoe alipokuja alikuta watoto sitini na mmoja kitabuni. Alihesabu mwenyewe, mara mbili.

"Utabaki," alisema. "Ila cheo chako bado hakipo. Nitaandika kwamba wewe ni wa wodini, umeazimwa kijijini."

Nchi inayojiita ya wakulima haina cheo kwa muuguzi anayemfuata mkulima nyumbani kwake. Ni aibu, na wilayani nimeliandika hilo mara tatu.

Zamda mwenyewe hakubishana. "Andika utakavyo, mzee," alisema. Asubuhi ile pacha mmoja wa Tatu alikuwa amepungua tena, mara ya pili mfululizo, na Tatu alikuwa ameshambeba mgongoni anaondoka. Zamda akachukua kitabu chake akamfuata, akaone mtoto anakula nini. Bwana Mdoe akamalizia barua yake peke yake.