Bwana Yupo

Juzi mjukuu wangu alinipa simu yake, akaninong'oneza, "Bibi, sema sipo." Nikamkumbuka baba, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja Njombe. Alasiri moja jiko lilinukia mkate, mgeni akapiga hodi. Bwana alikuwa ameagiza mgeni aambiwe hayupo. Baba akajibu kwa upole, "Yupo, ila leo hapendi kuonana na mtu."

Jioni ileile tulifukuzwa, tukashika njia ya kijijini kwetu Yakobi kurudia jembe na chai isiyo na sukari. Nilidhani baba amekosea Kiswahili, maana nyumbani tulisema Kibena. Nikamfundisha, "Baba, husemwa hayupo."

Akacheka, akanibeba mgongoni. "Najua, mwanangu. Lakini Mungu naye alikuwa anasikia."

Namshukuru Mungu kwa kunipa baba yule.